Begi la Kilimanjaro: kutoka kilo 21 hadi 12 na ushei

Nimepanga kusimama kilele cha Uhuru, mita 5,895, asubuhi ya Desemba 9. Ni tarehe ya uhuru wetu, na ni usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1961 ambapo Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge kule juu. Tutapita njia ya Marangu kwa siku sita, tukilala vibandani: Mandara, Horombo usiku mbili ili mwili uzoee hewa, kisha Kibo. Kwa kuwa ni vibanda, sihitaji hema. Nilidhani hilo tu lingenipunguzia mzigo.

Mradi wenyewe ni begi. Begi kubwa la mgeni, lile linalobebwa na mpagazi, lisizidi kilo 15. Kwenye geti la kuingilia mlimani mizigo hupimwa, kwa maana mpagazi ana kikomo cha kilo 20, na kuna vyakula, masufuria na gesi vya kugawana. Napima kwa mizani ya ndoano niliyoazima kwa muuza samaki wa mtaani kwetu, nimeitundika kwenye tawi la mwembe. Naandika kila badiliko kwenye daftari.

Kilo 21.4

Hilo lilikuwa begi la kwanza: jinzi mbili, taulo la bafuni, sweta nne, raba za akiba, pawabenki mbili, mafuta ya kupaka chupa nzima, na blanketi zito la nyumbani "kwa tahadhari".

Mjomba alikuja jioni ile. Alikuwa mpagazi njia hiyo hiyo ya Marangu kwa miaka 11 kabla ya kuhamia Dar. Hakulifungua begi. Alikunja kanga ya mke wangu ikawa ngata, akajitwisha, akasimama kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Mjomba, hili begi unambebesha nani?"

Nikamjibu kwamba wapagazi wapo na wanalipwa.

"Wanalipwa kubeba. Shingo hawajaiuza."

Akalitua, akaushika mkono wangu na kuuweka utosini kwake. Pana sehemu ndogo, upana wa sarafu mbili, isiyoota nywele. Ngozi yake ni ngumu kama kisigino. Usiku ule nililala nikiipapasa akilini ile ngozi, na asubuhi nikaanza kutoa vitu.

Kilo 17.9

Blanketi, raba za akiba na taulo vimebaki nyumbani. Taulo nimebadilisha na kipande cha kanga, kinakauka upesi. Jinzi niliipima kwanza: ikiwa kavu gramu 700, ikilowa na kukamuliwa kilo 1.3. Mtu akinyeshewa siku ya kwanza katika msitu wa Mandara, anabebesha watu maji siku sita. Nimenunua suruali mbili nyepesi za nailoni soko la mitumba la Karume, Dar, zote mbili kwa bei ndogo kuliko jinzi moja.

Soksi nazo nilizifanyia jaribio. Moja ya pamba, moja ya sufu, nikazilowesha pamoja na kwenda nazo kazini nimezivaa, moja kila mguu. Mchana mguu wa pamba ulikuwa baridi na ngozi imekunjamana, wa sufu umelowa lakini una joto. Kuanzia siku hiyo sibishani tena na mtu kuhusu sufu.

Viatu (havimo kwenye mizani, lakini lazima niviseme)

Nilipata buti safi kabisa kwenye belo la mitumba lililofunguliwa mbele ya macho yangu. Ngozi nzima, soli haijalika, ni kama havijawahi kuvaliwa. Kumbe hapo ndipo penye hatari. Jumapili nilikwenda navyo msitu wa Pugu, na kabla ya saa mbili za kutembea soli ya kulia ilianza kupiga makofi. Nilipoikunja, ile sponji iliyo kati ya ngozi na soli ilimeguka vidoleni kama mkate mkavu.

Fundi viatu alishona kwa uzi mnene, na wiki iliyofuata ikatoka tena, safari hii na uzi wake. Hakuwa na kosa, maana alikuwa anashona unga. Sponji za aina hiyo huozeshwa taratibu na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kimekaa stoo, na kiatu kisichovaliwa miaka mingi huonekana kipya huku ndani kimekwisha. Fikiria lingenitokea usiku ule wa kutoka Kibo, saa sita, kwenye changarawe, gizani.

Sasa nikichagua buti nabonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ikirudi yenyewe, sawa. Ikibaki na shimo au ikitoa nyufa ndogo ndogo, narudisha. Nikawa nimechukua vingine, ngozi imechubuka na vina makovu, ila soli inarudi. Nimeshatembea navyo Pugu mara nne.

Kilo 14.8

Mfuko wa kulalia nao una siri yake. Muuzaji alinionyesha namba kubwa kwenye lebo, nyuzi 15 chini ya sifuri. Nikasoma yote: namba zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ya kulala kwa raha, ya pili ya mwisho wa kuvumilia, ya tatu ya kunusurika tu. Aliyoniambia ilikuwa ya tatu. Niliuacha, nikapata mwingine wa kilo 1.9 ambao ile namba ya kwanza inanitosha.

Mvua ndiyo iliyonisumbua zaidi. Rambo, ile mifuko ya plastiki, zilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na mlimani hata chupa za plastiki za kutumia mara moja hazipiti getini. Kwa hiyo fundi turubai wa Buguruni amenishonea mfuko wa kuvaa ndani ya begi. Niliujaza nguo, nikaumwagia ndoo mbili. Maji yaliingia mdomoni, nilipofunga kwa kamba. Nikaukunja mdomo mara tatu kabla ya kufunga, nikamwaga ndoo mbili nyingine: fulana zote kavu. Nilifurahi mpaka majirani wakatoka nje.

Kibegi cha mgongoni

Hiki nabeba mwenyewe: lita tatu za maji, koti la mvua, sweta, mzula, karanga. Kibo hakuna maji, yanabebwa kutoka chini, hivyo chupa zangu lazima ziwe imara.

Mjomba alisema usiku wa kilele chupa igeuzwe kichwa chini, maana barafu huanzia juu. Nilijaribu kwenye friza ya jirani anayeuza barafu, chupa mbili ndani ya soksi, moja wima na moja imepinduliwa. Baada ya saa tatu kifuniko cha ile ya wima kiligoma kabisa. Ya pili ilifunguka na maji yakatoka, barafu imejikusanya kwenye kitako. Betri za tochi ya kichwani nazo zitalala nami ndani ya mfuko, baridi huzinyonya.

Kilo 12.6

Jumapili iliyopita Mjomba alijitwisha tena, ngata ile ile. Safari hii alitembea mpaka geti la nyumbani na kurudi, akalitua, akaomba chai.

Bado glavu. Za vidole vitano ninazo, ila nataka zile nene zisizotenganisha vidole za kuvaa juu yake, na Karume sijaziona. Nikifika Moshi nitaanzia soko la Memorial. Jumamosi hii napanda Morningside, kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, na buti zile na kibegi kikiwa kimejaa, nione kama kisigino cha kushoto kitaendelea kulalamika.