Mwanamaji na hali ya hewa: macho kwanza, vyombo baadaye

Kijana wa Shela au Matondoni, vijiji vya Lamu, anayeingia jeshi la wanamaji huja na elimu ambayo darasa halimpi. Anajua kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hushika baada ya hapo na kukaa hadi Septemba au Oktoba, umande hutoka bara alfajiri, na matlai hutoka mashariki. Mkufunzi asiifute elimu hiyo, kwa sababu ni msingi mzuri kuliko kurasa nyingi za kitabu. Kazi yake ni kuifunga kwenye tarakimu. Mtabiri aliye Nairobi, au aliye kisiwa cha Réunion vinakofuatiliwa vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, hawezi kuchora ramani kwa "kusi imekaza leo". Kwa "digrii 190, noti 22, saa 0600" anaweza (noti ni maili ya bahari kwa saa).

Mtego wa kwanza ni saa, na kwetu sisi ni mtego mkubwa. Vipimo vikuu huchukuliwa duniani kote saa 0000, 0600, 1200 na 1800 za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Kenya iko saa 3 mbele, kwa hiyo hapa ni saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Anayehesabu saa kwa Kiswahili ana hatua mbili za kupita: saa tatu asubuhi ni 0900 ya Kenya, na 0900 ya Kenya ni 0600 ya UTC. Akiruka hatua moja ataandika 0300 au 0900, na kipimo chake chote kitaangukia ramani ya saa nyingine. Dawa ni kutundika chumba cha usukani saa moja ya UTC isiyoguswa na mtu, na daftari lijazwe kwa saa hiyo tu. Kazi ianze dakika 10 kabla: upepo, bahari, mawingu, halafu vipimajoto. Barometa, kipimo cha kanieneo ya hewa, husomwa mwisho, saa kamili ikigonga.

Sasa upepo wenyewe. Meli inayotembea hujitengenezea upepo wake, na anemometa, chombo cha kupima upepo, haijui tofauti. Tuseme meli inakwenda kaskazini kwa noti 12 na kusi ya noti 20 inaipiga tezi (nyuma) moja kwa moja. Anemometa itaonyesha noti 8. Jioni meli inarudi kwa mwendo uleule, upepo ni uleule, lakini sasa unaipiga omo (mbele), na anemometa inaonyesha noti 32. Mwanafunzi asiyefanya hesabu ataandika nguvu 3 asubuhi na nguvu 7 jioni kwenye kipimo cha Beaufort, kinachopanga upepo kwa nguvu 0 hadi 12, ilhali siku nzima ilikuwa nguvu 5.

Upepo ukija kwa pembe, achore. Sentimita 1 kwa kila noti 2 inatosha. Kwanza mstari wa mwendo wa meli, kuelekea inakokwenda. Kwenye ncha yake aunge mstari wa upepo uliosomwa kwenye anemometa, kuelekea unakokwenda. Mstari unaotoka mwanzo wa ule wa kwanza hadi mwisho wa wa pili ndio upepo wa kweli: urefu wake ni kasi, na mwelekeo wake ugeuzwe nyuma, maana upepo huitwa kwa unakotoka. (Mkondo wa maji huitwa kwa unakokwenda. Hilo lirudiwe kila siku mpaka liingie.) Kosa linalojirudia hapa ni kusahau kwamba anemometa huhesabu pembe kutoka omo. Meli ikiwa inaelekea 200 na upepo ukaonekana 40 kulia, upepo huo unatoka 240, na mstari wake huchorwa kuelekea 060.

Hii ndiyo sababu nasisitiza macho yatangulie. Uso wa bahari hauhesabu mwendo wa meli. Mwanafunzi ajue kwa moyo kwamba noti 7 hadi 10 huleta vilele vya kwanza kuvunjika, povu moja hapa na moja kule. Noti 11 hadi 16, povu jeupe la mara kwa mara. Noti 17 hadi 21, povu kila upande na mawimbi yenye umbo refu. Noti 22 hadi 27, vilele vikubwa vyeupe na rasharasha. Noti 28 hadi 33, povu huanza kuburutwa kwa mistari kufuata upepo. Akadirie kwanza, aandike, ndipo atazame anemometa na kuchora. Majibu mawili yakiachana sana, moja lina kosa na lazima litafutwe.

Bahari ya Lamu nayo humdanganya mtu. Maji yakitoka kwenye mlango wa Shela wakati wa kupwa, hasa siku za bamvua maji yanapopwa na kujaa sana, hukutana uso kwa uso na mawimbi ya kusi. Mawimbi husimama wima na kuvunjika mapema, na nguvu 4 huonekana kama 6. Maji yakijaa, mkondo na upepo huenda pamoja na bahari hulainika kuliko upepo unavyostahili. Mvua kubwa pia huyalaza mawimbi. Kwa hiyo kipimo cha macho kichukuliwe nje, mbali na mlango na mbali na kinga ya kisiwa cha Manda.

Unyevu huharibiwa na chumvi. Unyevu hupimwa kwa vipimajoto viwili, kikavu na chenye utambi wa kitambaa kilicholowa; hiki cha utambi kikipigwa na rasharasha, chumvi hukaa kwenye kitambaa na maji hayakauki inavyopaswa, basi kipimo cha utambi husoma juu. Kikavu kikiwa 29 na utambi 25, unyevu ni kama asilimia 72. Utambi ukisoma 26 kwa sababu ya chumvi, unapata asilimia 79, na hakuna aliyeona kosa. Kitambaa kibadilishwe kila wiki na kila baada ya bahari chafu, kwa maji yasiyo na chumvi wala madini. Kusoma ni upande unakotoka upepo, mbali na bomba la moshi na vyuma vilivyoshika jua, na utambi usomwe kwanza.

Barometa huwatisha bure waliosoma vitabu vya Ulaya. Karibu na ikweta kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku: juu kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Kushuka kwa hektopaskali (kizio cha kanieneo) 3 kati ya asubuhi na jioni ni kawaida. Linganisha na jana saa ileile. Ikiwa imeshuka 3 chini ya kawaida ya saa na msimu huo, shaka ianze. Ikifika 5, chukulia kuna kimbunga. Lamu iko karibu mno na ikweta kuzoea vimbunga, lakini Hidaya ilifika Mafia Mei 2024, na meli ya doria haikai Lamu tu. Kwa kila mita 8 za kimo cha barometa juu ya maji, kipimo huongezewa hektopaskali 1 hivi.

Mawingu huhesabiwa kwa sehemu nane za anga. Yale ya upeoni huonekana yamebanana kuliko yalivyo, basi hesabu ianzie utosini.

Mwisho ni kuandika ujumbe wa namba. Meli ikiwa nyuzi 2 dakika 24 kusini na nyuzi 41 dakika 12 mashariki, huandikwa 99024 30412. Dakika hugawanywa kwa 6, na ile 3 inayoanza kundi la pili ndiyo inayosema kusini na mashariki. Ukiweka 1 badala ya 3, meli imehamia kaskazini ya ikweta, nchi kavu, upande wa Elwak. Kompyuta itautupa ujumbe wote pamoja na upepo uliopimwa vizuri. Kabla ya kutuma, mtu wa pili asome namba kwa sauti huku wa kwanza akiweka kidole kwenye chati.