Nilivyochagua kompyuta ndogo ya mtandao wa nyumbani

"Chaja ni chaja tu," fundi aliniambia. Maneno hayo yalinitesa wiki tatu.

Nilitaka kikompyuta cha Linux (mfumo endeshi wa bure) kiendeshe mtandao wa nyumbani kwetu Tanga: kigawe intaneti, kizuie matangazo, kihifadhi picha za familia. Kaka yangu alishikilia ninunue kompyuta ya mezani iliyotumika. Ni rahisi kweli, lakini wati 70 usiku na mchana ni kama uniti 50 za Luku kwa mwezi. Kikompyuta cha wati 5 hakifikishi uniti 4.

Nikachukua Raspberry Pi 3, kikompyuta cha aina hiyo, fundi akanipa chaja ya simu. Mchana shwari. Jioni, watoto wakianza kufungua mafaili kwenye diski ya nje, inajizima na kujiwasha. Nikagombana bure na watu wa intaneti, nikabadilisha kadi ya kumbukumbu mara mbili, nikapanga mfumo upya mara nne! Mpaka usiku mmoja nikafungua logi, kumbukumbu ya matukio ya mfumo: maonyo ya umeme mdogo, mstari juu ya mstari. Nikachomoa multimita, kipimo cha umeme, ncha nyekundu kwenye pini ya 2 ya Pi (ya volti 5), nyeusi kwenye ya 6 (ya hasi). Volti 4.9. Nikamwambia binti yangu afungue diski. 4.7. 4.6. 4.5. Pi hiyo huanza kulalamika ikishuka chini ya 4.63, na mimi nilikuwa naiangalia ikizama mbele ya macho yangu. Waya wa chaja ulikuwa mrefu na mwembamba kama uzi, umeme unaishia njiani. Nilipoweka chaja ya volti 5, ampea 2.5, yenye waya mfupi mnene, tarakimu zilitulia tuli. Picha ya multimita nilimtumia fundi usiku uleule.

Ila kwa kazi ya ruta, yaani kugawa intaneti, Pi 3 siipendekezi. Tundu lake la mtandao ni la megabiti 100 na linapita njia moja na USB, kwa hiyo ukiongeza tundu la pili la mtandao kupitia USB vyote vinabanana. Sasa inatunza picha tu. Ruta ni NanoPi R2S, kikompyuta kingine, yenye OpenWrt (mfumo wa Linux wa ruta): matundu mawili ya gigabiti, volti 5, inaenea kiganjani. Na usafiri ilinitoka laki na nusu hivi. Waya wake niliupima kabla sijaichomeka.