Maharage kwenye meza ya majaji

Jumapili, jioni

Shule ninayofundisha iko kwenye miteremko ya Mlima Meru. Ukiingia kidato cha tatu na kuwachekesha wanafunzi, utajua maji tuliyokulia. Kuna meno ya kahawia, kuna yenye madoa meupe ya chokaa, na kuna yaliyomomonyoka kingo. Floraidi, aina ya madini, inatoka kwenye miamba ya volkano na kuyeyuka katika chemchemi zetu, na mtoto anayeinywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya atakuwa na alama hizo maisha yake yote. Kuchemsha maji ndiyo kunazidisha, kwa sababu maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki kwenye sufuria. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu kuna vyanzo vinavyopita kiwango hicho mara kadhaa.

Basi fomu za mashindano ya ubunifu zilipofika shuleni, zikisema wanafunzi watatue changamoto ya jamii yao, klabu ya sayansi haikuhangaika kutafuta mada. Kazi ilikuwa kukubaliana tunataka kutatua kipande gani.

Wavulana walitaka chujio la mkaa wa mifupa. Ni wazo zuri na si geni: kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa Arumeru, kimelifanyia kazi miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, inasagwa chenga chenga, inapangwa ndani ya ndoo, na maji yanapopita floraidi inanaswa humo. Taabu iko kwenye moto. Mifupa ikiungua kidogo, maji yananuka na hakuna atakayeyanywa. Ikiungua mpaka ikawa myeupe, inapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kunasa. Halafu chujio likichoka halitoi taarifa. Floraidi haina rangi wala ladha, kwa hiyo mama ataendelea kuchuja kwa moyo safi huku kinachoingia juu ndicho kinachotoka chini. Niliwauliza wavulana nani atapima, na nani atabadilisha ule mkaa mwakani. Wakanyamaza, kisha mmoja akasema, "Madam, hayo si ya mashindano."

Sijaacha kulifikiria jibu hilo.

Wakati huo binti mmoja, wala si wa mbele darasani, alikuwa na swali lake. Nyumbani kwao wanakunywa maji ya mradi mpya, yaliyoletwa kutoka chanzo chenye floraidi kidogo. Sasa mbona mdogo wake wa darasa la pili meno mapya yanatoka na madoa? Nikamwambia aende akatazame jikoni, si bombani. Watafiti wa afya ya meno hapa Tanzania walishaonyesha zamani kwamba magadi, haya haya tunayotia kwenye makande, maharage na mlenda, mara nyingi yamebeba floraidi nyingi. Familia inaweza kuhama maji mabaya na ikabaki na bonge la magadi kwenye kopo juu ya kabati.

Wasichana wanne wakaichukua kazi hiyo. Walianza kwa kwenda nyumba hadi nyumba wakiuliza akina mama kwa nini wanatia magadi, na hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu, kwa sababu hawakwenda kufundisha mtu. Majibu yalikuwa ya watu wenye akili zao. Mkaa umepanda bei. Maharage makavu yakiwekwa jikoni saa kumi na mbili jioni, bila magadi watoto watalala na njaa. Bibi mmoja aliwaambia kwamba zamani walikuwa wanaloweka asubuhi kabla ya kwenda shamba, "ila siku hizi kila mtu ana haraka, hata maharage."

Wakarudi shuleni wakapika. Sufuria tatu, maharage ya gunia moja, jiko lile lile: moja makavu matupu, moja makavu yenye magadi, moja yaliyolowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa. Mpishi wa shule akawa mwamuzi wa kuiva, akiyabonyeza kwa vidole viwili, na hakukubali kubembelezwa. Yaliyolowekwa yaliiva nyuma kidogo tu ya yale ya magadi. Makavu matupu yalitutesa mpaka wengine tukachoka kusubiri. Kisha wakapima mkaa uliobaki kwenye kila jiko kwa mizani ya maabara, jambo ambalo sikuwaambia mimi.

Ugunduzi wao wote, ukiufupisha, ni kwamba loweka mapema na utaacha magadi bila kuongeza mkaa. Mtu anaweza kusema hilo kila bibi analijua. Ni kweli. Lakini kulijua ni kitu kimoja, na kumwonyesha mtu mwenye haraka kwamba hatapoteza mkaa wala muda ni kitu kingine.

Siku ya mashindano tulipanga meza: bango la kuandikwa kwa mkono, maharage yaliyolowekwa kwenye ndoo, bonge la magadi kwenye kisosi, na daftari la mahojiano. Meza ya jirani walikuwa na pipa la taka linalofunguka lenyewe ukilikaribia. Nawapongeza vijana wale kwa dhati, programu waliiandika wenyewe na nyaya waliziunga vizuri. Ila mji wanakotoka unajulikana: taka zinarundikana kwa sababu gari la taka halipiti. Kufungua mfuniko kwa mkono hakujawahi kumshinda mtu yeyote pale.

Jaji alifika kwetu, akaitazama ndoo, akasoma bango, akauliza, "Sawa, kifaa chenu kiko wapi?" Msichana akajibu kwamba hakuna kifaa, kuna utaratibu. Jaji akatafuta kwenye karatasi yake ya alama mahali pa kuandika utaratibu, na nilimwona kwa macho yangu hapaoni. Alikuwa mtu mwema. Karatasi ndiyo ilikuwa imeshaamua kwamba changamoto ya jamii inatatuliwa kwa kitu chenye swichi. Pipa likachukua kombe, sisi tukapewa vyeti vya ushiriki, mgeni rasmi akahutubia kuhusu mapinduzi ya viwanda, na tukapanda gari kurudi.

Garini niliwasimulia habari za Richard Turere, yule mvulana wa Kimaasai wa Kitengela, jirani na hifadhi ya taifa ya Nairobi, aliyetengeneza taa za kufukuza simba akiwa na miaka 11. Watu wanaipenda ile sehemu ya paneli ya sola, betri kuukuu ya gari na kile kidude cha indiketa ya pikipiki, mpaka mwaka 2013 akaalikwa kuzungumza TED, jukwaa la kimataifa la hotuba. Mimi napenda yaliyotangulia. Kwanza alijaribu moto, akaona unawasaidia simba kuona ng'ombe vizuri zaidi. Akajaribu sanamu ya mtu, simba wakaja siku ya kwanza wakaondoka, siku ya pili wakakishtukia kitu kile hakisogei. Usiku mmoja akazunguka boma na tochi, na simba hawakuja. Ndipo akajua wanaogopa taa inayotembea. Kifaa kilikuja mwisho, na kilikuja kwa sababu tayari alikuwa anajua simba wanafikiri nini. Angekwenda kwenye mashindano kabla ya usiku ule wa tochi, angepeleka sanamu yenye injini na huenda angeshinda.

Binti mmoja akanirudishia: "Lakini Madam, Dokta Hilonga si alishinda kwa chujio?" Swali la haki kabisa. Askwar Hilonga, mtoto wa Gongali, Karatu, mhandisi wa hapa Arusha, mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi inayotolewa na taasisi ya wahandisi ya Uingereza, kwa chujio la mchanga na chembe ndogo sana linalorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Kwa hiyo sisemi vifaa ni upuuzi. Lakini yeye alikulia kwenye maji machafu, na baada ya kuona wengi hawawezi kununua chujio alipanga namna ya watu kulikodi na kuuza maji safi kwa wenzao. Lile swali la nani atalihudumia na kwa pesa gani, ambalo mwanafunzi wangu alisema si la mashindano, yeye alilifanya sehemu ya kazi.

Nadhani hapo ndipo ninapogombana na mashindano mengi ya ngazi ya chini. Juu huko mambo ni mapana zaidi. Young Scientists Tanzania, walioanza mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa maonyesho ya wanasayansi chipukizi ya Ireland ya tangu 1965, wana kundi zima la sayansi ya jamii, ambako kuhesabu na kuuliza ni kazi kamili. MAKISATU nayo, yaani mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, tangu 2019 inamweka fundi wa mtaani asiye na cheti kwenye mashindano yale yale na watu wa vyuo. Huku wilayani tunarithi hamasa bila kurithi upana, na mwalimu anayetaka shule yake ipande jukwaani anajua cha kununua.

Jumamosi kulikuwa na kikao cha wazazi, na mkuu wa shule alikubali wasichana wapewe muda kidogo baada ya ajenda ya michango ya chakula. Walikuja na sufuria mbili na vijiko. Watu walionja kabla ya kusikiliza, na mabishano yakaanza papo hapo. Mama mmoja alisema bila magadi maharage yanamjaza gesi. Wakamweleza kwamba maji ya kulowekea yakimwagwa gesi nayo inapungua, akasema atajaribu lakini haahidi. Baba mmoja aliuliza kama mwanawe wa miaka kumi na tano atapona meno. Yule binti aliyeanzisha swali lote akamjibu, kwa heshima na bila kuzunguka: "Hapana baba, wa umri wetu tumeshachelewa. Meno yakishatoka hayabadiliki. Hii ni kwa wale ambao bado hawajafika miaka minane." Aliyasema hayo akiwa na meno yake ya kahawia mbele ya ukumbi mzima, na hakuziba mdomo kwa mkono kama wanavyofanya wengi wao.

Kisha akasimama mama anayeuza magadi sokoni. Alitaka kujua kama yote ni sawa, yale meupe na yale ya udongo udongo, kwa sababu kama kuna yenye nafuu yeye angependa kuuza hayo. Hakuna aliyekuwa na jibu. Hatuna kipimo cha floraidi shuleni, na maabara ya kemia ninayoisimamia ina mirija ya kioo mingi kuliko kemikali.

Klabu imeamua hiyo ndiyo kazi ya muhula ujao: kukusanya magadi ya wauzaji mbalimbali, kuandika yametoka wapi, na kuomba maabara ya maji itupimie. Kama itaingia kwenye mashindano au la, nimewaachia wabishane wenyewe. Wavulana wa chujio wameomba kujiunga. Barua ya maombi nimeimaliza sasa hivi. Kesho naipeleka kwa mkuu wa shule aigonge muhuri, na nimuulize nauli itatoka fungu gani.