Aaminiye Hatafanya Haraka

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Neno letu wiki hii ni Isaya 28:16, hasa pale mwisho: "yeye aaminiye hatafanya haraka."

Yerusalemu ilikuwa imeshikwa na hofu ya Ashuru. Wakuu wa mji walihangaika kutafuta mkataba wa kuwaokoa, hata wakajisifu kwamba wamefanya agano na mauti. Hofu haikuwapa nafasi ya kuuliza wanajifunga na nani.

Wengi wenu mnaikumbuka DECI, ule mpango wa upatu uliokusanya fedha za watu hapa Tanzania kwa ahadi ya faida kubwa. Ilitujia kwa lugha yetu ya kanisani: mtu alipanda mbegu, kisha akangoja kuvuna. Miongoni mwa waendeshaji walikuwamo wachungaji. Jirani yako wa benchi moja akivuna, wewe mwenye mashaka ulijiona una imani haba. Mwaka 2009 Serikali ikaingilia kati, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Shamba halikuwapo. Mavuno ya waliotangulia yalikuwa mbegu za waliofuata, basi ilipokatika foleni ya wanaoingia, wa mwisho hawakuwa na cha kuvuna.

Tunapenda kusema walioumia walikuwa na tamaa. Wapo. Lakini mama anayetoa ada ya watoto kwenda kupanda, mara nyingi anaogopa kuachwa chini wenzake wakiinuka. Hofu hiyo ni ngumu kuitambua ndani ya mwamini, maana huzungumza kama imani: Mungu amefungua mlango, usichelewe! Siku hizi inapitia makundi ya WhatsApp na sarafu za mtandaoni, pamoja na picha za miamala ya waliokwisha kulipwa, na kila mara zimebaki nafasi chache, mwisho ni leo usiku.

Mlango wa Mungu hauogopi maswali. Bwana alifundisha katika Luka 14:28 kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Keti basi. Uliza faida inatoka kwenye biashara gani. Waulize Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama hao watu wana leseni. Mweleze mwenzi wako kabla hujatuma hela. Hatifungani za Serikali, yaani mikopo tunayoipa Serikali kwa riba, hupigwa mnada Benki Kuu mwaka hadi mwaka, na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS havikimbii. Usiponunua wiki hii utavikuta wiki ijayo.

Nanyi watumishi, nawasihi kwa upendo: madhabahuni pasitangazwe mradi wa mtu, hata akiwa mzee wa kanisa. Kondoo hawawezi kutofautisha sauti yenu na ya mfanyabiashara mkizitoa mahali pamoja.

Wiki hii tuwaombee waliopoteza fedha na bado hawajathubutu kusema nyumbani. Ukimjua mmoja, mtembelee. Usimuulize kwa nini hakushtuka. Muulize anadaiwa nini mwezi huu, mkae mpange pamoja.