Insulini kwenye chumba kisicho na friji

Nina kisukari aina ya kwanza. Kongosho langu limeacha kutengeneza insulini, kwa hiyo nachoma sindano kila siku. Watu hudhani sindano ndiyo tabu. Sindano unaizoea. Tabu ya Dar ni joto, hasa kwa sisi tuliopanga chumba kimoja cha bati huku Mbagala.

Insulini ni protini. Joto likizidi huharibika kama ute wa yai kikaangoni, ila hii mara nyingi kwa macho huoni kitu. Vichupa ambavyo havijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa kinaweza kukaa nje ya friji kwa takribani wiki 4, mradi joto lisipite nyuzi 30. Sasa nenda kanionyeshe nyuzi 30 chini ya bati mchana wa Februari!

Akiba yangu nikaipeleka kwa mama mwenye nyumba, anayeuza barafu na juisi ya ukwaju. Nilimweleza waziwazi ni dawa ya nini, maana mabomba ya sindano huzua maneno. Akasema, "Lete tu mwanangu, ila zikae mlangoni mwa friji, kule juu pana barafu zangu." Mlangoni ndiko nilikokutaka: insulini ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Vimo ndani ya kopo lenye kifuniko na jina langu, watoto wasiviguse.

Kichupa ninachotumia nakihifadhi kwenye vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga ninaoulowesha asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Maji yakikauka huondoka na joto. Kichupa chenyewe nakitia kwanza kwenye mfuko wa plastiki ili kisilowe. Nilinunua kipimajoto Kariakoo nikakitumbukiza humo, kwa sababu sipendi kubahatisha. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi na maji hayakauki upesi, kwa hiyo tofauti na chumba ni nyuzi chache tu. Walioko Dodoma, kwenye hewa kavu, watafaidi zaidi. Hata hizo chache zinanitosha, ila vyungu viwe kivulini penye upepo. Uvunguni havisaidii kitu.

Jambo jingine la Dar ni jasho. Sukari ikishuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linatoka. Ndani ya daladala lililojaa, nani asiyetoka jasho? Mimi naangalia mikono. Ikitetemeka, sisubiri kushuka kituoni: nakunywa soda ya sukari, si ile isiyo na sukari, na baada ya dakika 15 napima.

Kinyume chake, sukari ikipanda na kung'ang'ania juu wakati chakula na dozi havijabadilika na siumwi, nakishuku kichupa. Ile insulini angavu ikipata ukungu, naitupa. Ile ya rangi ya maziwa naiviringisha viganjani taratibu bila kuitikisa. Ikibaki na mabonge au chembe zilizoganda kwenye kioo, nayo naitupa. Hata nisipoona kitu, nafungua kichupa kipya kutoka kwa mama, na sukari isiposhuka nakwenda kliniki siku hiyohiyo.