Vipindi vinane, sapu moja

Mtihani ule niliuingia nimeshiba. Desa, yaani muhtasari wa masomo tunaorithishana chuoni, la kurasa kumi na moja lilikuwa kichwani lote, vipindi vinane vya fasihi ya Kiingereza vimepangwa kwenye jedwali: Kiingereza cha Kale, Kiingereza cha Kati, Mwamko (Renaissance), Urejesho wa Ufalme, karne ya 18, Ulimbwende (Romanticism), enzi ya Malkia Victoria, Usasa (Modernism). Kila kimoja na miaka yake, waandishi watatu na sifa nne. Ungeniamsha saa nane usiku ningekutajia bila kufumbua macho.

Karatasi ikageuzwa. Vifungu sita vya maandishi, havina jina la mwandishi, havina mwaka, na chini yake swali moja: kila kifungu ni cha kipindi gani, na umejuaje? Ile "umejuaje" niliikodolea macho muda mrefu. Desa langu halikuwa na kifungu hata kimoja cha kazi zenyewe. Nilipata 28. Sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Tena hata miaka niliyokariri ilikuwa na kasoro. Lile desa lilikuwa limetolewa kopi ya kopi ya kopi, kila mwaka wa masomo unaurithisha mwaka unaofuata, na mashine za steshenari zilikuwa zimekula ukingo wa kulia. Kwangu Ulimbwende ulianza "179". Nikajazia sifuri kwa akili yangu, nikaandika 1790 kwa mwandiko mzuri kabisa. Ni 1798.

Na hilo jina Ulimbwende sijui nani alitupa. Linatumika kwenye vitabu vyetu vya nadharia na nimelizoea, lakini muhula mzima nilikuwa nikimwona mshairi Wordsworth kichwani amevaa ukanda wa mshindi wa urembo.

Likizo nikarudi Tanga kwa Bibi, na sapu ilikuwa Septemba. Nikachukua kalenda za zamani, nikazigeuza upande mweupe, nikazibandika ukutani kwa gundi ya unga wa ngano mpaka zikawa ukanda mmoja toka mlangoni hadi dirishani. Kisha nikajiwekea sharti: siandiki jina la kipindi chochote mpaka niwe nimemweleza Bibi, kwa Kiswahili, ni kitu gani kilivunjika hadi watu wakaanza kuandika tofauti. Bibi alisoma mpaka darasa la nne, mashairi anayo kichwani mengi, na hana huruma na mtu anayebabaisha.

Nilianzia katikati, 1642, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo iliyokuwa ikinichosha zaidi. Nikamwambia, Bibi, mwaka huo bunge la Uingereza lilikuwa linaingia vitani na mfalme, na likafunga majumba yote ya michezo ya kuigiza London. Yale ambayo Shakespeare aliyaacha yakiwa hai alipofariki mwaka 1616. Yakakaa kimya miaka 18. Katikati hapo, 1649, wakamkata mfalme kichwa. Mwaka 1660 mwanawe, Charles wa Pili, akarudi kutoka uhamishoni, michezo ikafunguliwa.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Akauliza, "Na hao waigizaji, miaka 18, walikula nini?"

Sikuwa na jibu. Siku mbili nilikuwa natafuta kwenye simu. Kumbe wengi waliingia jeshini upande wa mfalme, na waliobaki waliigiza kwa kificho, mara kwa mara askari wakiwavamia na kuwanyang'anya mavazi yao ya jukwaani. Nilipomletea jibu, akaniuliza tena: walipofunguliwa, waliigiza yaleyale? Hapo ndipo jedwali langu lilipoanza kuwa na damu. Hawakuigiza yaleyale. Wavulana waliokuwa wakivalishwa nguo za kike walishakua, na sasa wanawake wenyewe wakapanda jukwaani. Mfalme alikuwa amekaa Ufaransa, akarudi na ladha za huko. Vichekesho vikawa vya watu wa mjini, wenye hela, wenye ulimi mkali. Baada ya hapo nikipewa kifungu ambamo mume tajiri anazungukwa na mke mwerevu na kijana mtanashati, sihitaji tena kuambiwa mwaka.

Kiingereza cha Kale nilikiogopa kwa sababu ukikiona kimeandikwa si Kiingereza unachokijua. Hakisomeki. Nikapata sauti ya mtu akighani Beowulf, utenzi wa Kiingereza hicho, nikaiweka jioni tukiwa ukumbini. Bibi hakuelewa neno, mimi pia sikuelewa, lakini baada ya muda akasema, "Mbona anapumua katikati, kama mtu wa shairi?" Nikafungua maandishi. Kweli kila mstari umekatwa nafasi katikati, vipande viwili, ukwapi na utao kabisa. Tofauti ni kwamba wao hawafungi kwa vina vya mwisho. Mstari una mapigo manne, mawili kila upande, na vipande vinashikana kwa sauti ya mwanzo ya maneno yale mazito: m na m, g na g. Tukagonga meza kwa vidole. Mapigo yanakuja, la nne mara nyingi linabaki peke yake bila mwenzake. Mistari 3,182 ya namna hiyo, na imetufikia katika muswada mmoja tu duniani. Mwaka 1731 nyumba ya Westminster ulikotunzwa iliungua. Muswada ukaokolewa, ila kingo zake ziliungua, na herufi za pembeni zikawa zinamong'onyoka kidogo kidogo miaka iliyofuata. Niliposoma hayo nililitoa desa langu mkobani nikalitazama upande wa kulia.

Kipindi cha Kati kilikwenda haraka. Mwaka 1066 Wanormani wanavuka bahari, wakubwa wanaongea Kifaransa, wakulima wanabaki na lugha yao. Ng'ombe zizini akabaki "cow" la wakulima, akifika mezani kwa bwana ni "beef", neno la Kifaransa. Kwa msemaji wa Kiswahili, ambaye mahakamani na sokoni anatumia maneno ya Kiarabu bila kufikiri, hilo halihitaji mhadhara. Chaucer alifariki 1400. Caxton akaweka mtambo wa kuchapa Westminster 1476. Nikachora msitari mnene hapo, kwa sababu kitabu kikianza kuchapwa msomaji naye anabadilika.

Karne ya 18 sitadanganya, ilinichosha. Alexander Pope ana akili nyingi, lakini beti zake ni mizani kumi kumi, vina viwili viwili, ukurasa baada ya ukurasa, kama mkonge uliopandwa kwa kamba. Faida yake ni hiyohiyo: ukiuona mkonge unajua uko wapi. Ndiyo maana 1798 ikanikaa vizuri safari hii. Wordsworth na Coleridge wakatoa kitabu kidogo bila kuweka majina yao, na katika toleo la 1800 Wordsworth akaandika utangulizi akitetea lugha ya watu wa kawaida. Bibi akadakia kwamba huyo ni Muyaka wao, yule mshairi wetu. Nikatazama miaka: Muyaka bin Haji wa Mombasa, 1776 hadi 1840. Wordsworth, 1770 hadi 1850. Hawakujuana kabisa, lakini tarehe haikunitoka tena.

Kwa Dickens, mwandishi wa enzi ya Victoria, nilimkumbusha Bibi zile hadithi za kuendelea magazetini. Mwaka 1836 alianza kutoa riwaya kwa vijitabu vya kila mwezi, shilingi moja kimoja. Ndiyo maana sura zake zinaishia pale unapotaka kujua zaidi, na wahusika wana kituko kimoja kimoja cha kukumbukwa. Msomaji amekaa mwezi mzima bila kuwaona.

Kilichobaki kilikuwa mitego, na mitego ndiyo mhadhiri wetu alikuwa anaipenda. Milton alichapisha Paradise Lost mwaka 1667, ndani ya Urejesho, akiwa kipofu, lakini roho yake ni ya wale wa upande wa bunge walioshindwa, si ya wale waliokuwa wanacheka majumbani mwa michezo. Blake ana mashairi ya kilimbwende ya 1789 ambayo kwa jedwali hayajaruhusiwa kuzaliwa. Riwaya za Jane Austen zilitoka kati ya 1811 na 1817 katikati ya walimbwende, ilhali yeye halii na milima wala mawingu. Na mshairi Hopkins alifariki 1889, mashairi yake yakatoka kitabu mwaka 1918, ukiyasoma bila jina utaapa ni ya Usasa. Hawa niliwaandika kwa penseli juu ya mistari, nusu huku nusu kule, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona jedwali.

Siku ya sapu vifungu vilikuwa vitano. Cha tatu kilikuwa vina viwili viwili, mizani kumi. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza, msimamizi akanitazama vibaya. Cha mwisho kilikuwa kimevunjikavunjika, sauti zinaingiliana, mji na vumbi. Nikaandika Usasa, baada ya vita vya 1914 hadi 1918, karibu na 1922, na safari hii sehemu ya "umejuaje" ndiyo iliyonimalizia karatasi.

Sapu hata upate mia, kwenye matokeo inaandikwa C. Nilipata C yangu. Mwaka uliofuata vijana wa mwaka wa pili walikuja kuomba desa, kama ilivyo desturi. Nikawapa lilelile la kurasa kumi na moja, ila tarakimu zilizoliwa na mashine nimezijaza kwa kalamu nyekundu, na nyuma ya ukurasa wa mwisho nimeandika swali la Bibi.