Siku moja maishani mwangu: mashine iliyolala kusi nzima

Saa 11 alfajiri

Kabla sijatia mguu chini huwa nasikiliza upepo. Minazi ya nyuma ya nyumba, hapa Sahare, ilikuwa ikichapana usiku kucha miezi yote ya kusi. Sasa ni wiki ya pili imetulia. Huu ni mwezi wa 10: kusi imelegea, kaskazi bado haijaingia, na bahari ya Tanga imelala kama maji ya kwenye beseni. Wazee wanaita maleleji. Kwangu mimi, fundi wa mashine za boti, maana yake ni kwamba mashine zilizofungiwa stoo tangu mwezi wa 5 zinatolewa zote kwa pamoja, na nyingi hazitaki kwenda.

Saa 1 asubuhi

Kibanda changu kiko Deep Sea, hatua chache kutoka soko la samaki. Nimekuta mzee mmoja nahodha ameshafika, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Pembeni yake mkokoteni, juu yake Yamaha ya nguvu za farasi 15, ya zamani, imefunikwa kipande cha tanga kuukuu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea maiti."

Kuna fundi aliyeiona juzi, akamwambia kichwa, ile sehemu ya juu yenye silinda, kimekufa, atafute kingine. Kwa mzee mwenye boti moja na vijana wanne wanaomtegemea, kununua kichwa ni kuuza kiwanja. Nilimpa kikombe cha chai ya rangi, nikamsogezea mahamri na mbaazi, nikaanza kumuuliza. Sishiki spana kabla ya kuuliza. Mwenye mashine anajua mengi kuliko anavyodhani.

Iliwashwa lini mara ya mwisho? Mwanzoni mwa mwezi wa 5. Mafuta yaliyobaki? Nusu tanki, yamehifadhiwa. Mlimwaga yaliyo ndani ya kabureta, pale mafuta yanapochanganyika na hewa? Akanitazama. Hapana. Sasa inafanyaje? Inawaka choki ikiwa imevutwa. Ukirudisha choki, inazima. Sailensa, yaani kunguruma taratibu bila kuongezewa mafuta, haina kabisa. Ukiipa mafuta ghafla inakohoa na kuzama. Ukiibembeleza katikati inakwenda, lakini inamisi, inakosa kuwaka hapa na pale.

Mashine inayoishi kwa choki peke yake inalia njaa. Choki inapunguza hewa, kwa hiyo mafuta kidogo yanayopita yanatosha kuwaka. Ukiifungua, hewa inaingia nyingi, mafuta hayapo. Hapo nilikuwa nimeshaanza kuifikiria kabureta, lakini kufikiria si kupima.

Saa 2

Nilianza na kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, kwa ajili ya moyo wa mzee. Nikafungua plagi zote mbili, nikafunga geji, nikaachia mafuta yote wazi, kijana wangu akavuta kamba mara tano. Silinda ya juu mshale ukasimama 110. Ya chini, 108. Nikamwita mzee aje asome kwa macho yake. Tofauti ikianza kuvuka asilimia 10 ndipo ninapokunja uso, na kichwa kilichokufa kweli hakifichi: silinda moja huanguka mbali na mwenzake. Hizi zilikuwa zinakwenda bega kwa bega. Mzee hakusema kitu. Alichukua andazi la pili.

Kisha moto. Plagi nikaiegemeza kwenye bodi, kijana akavuta, cheche ikaruka ya buluu, inasikika inavyopasuka. Ya pili vilevile. Plagi zenyewe zilikuwa nyeusi, zimelowa oili, na ndivyo plagi inavyokuwa ikiendeshwa kwa choki muda wote.

Niseme jambo moja kwa vijana wanaojifunza kazi hii. Naona wengi wanachomoa waya wa plagi mashine ikiwaka ili wajue silinda ipi inamisi. Acheni. Umeme ukikosa pa kwenda unaweza kurudi ukaunguza koili au CDI, kile kisanduku cha umeme wa cheche, na hapo mtakuwa mmetengeneza tatizo ambalo mteja hakuja nalo.

Saa 3

Chupa mbili za maji ya kunywa, zile zinazoonyesha ndani. Moja nikatia mafuta niliyochanganya asubuhi, mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani moja kwa hamsini. Ya pili nikatia ya mzee kutoka chini ya tanki. Nikaziweka juani, juu ya ukuta.

Baada ya dakika chache hapakuwa na haja ya maelezo. Mafuta ya mzee yalikuwa na rangi ya chai iliyokaa tangu jana, na yananuka vanishi. Chini ya chupa yalijikusanya matone ya maji, yanateleza huku na huko kama shanga. Tanki lililojaa nusu lina nafasi ya hewa. Mchana joto linaisukuma nje, usiku inarudi na unyevu wake, unyevu unagandama kwenye ukuta wa tanki na kushuka chini. Miezi mitano ya masika na kusi, hesabu mwenyewe.

"Na mimi niliyatunza," mzee alisema, kwa uchungu. Nilimwelewa. Petroli ni pesa, na mtu aliyekulia kwenye shida hamwagi pesa.

Saa 4

Kabureta.

Kabla ya kuifungua nilikaza skrubu ya sailensa taratibu mpaka ikagusa, huku nahesabu: mzunguko mmoja na nusu. Nikaandika kwenye kipande cha boksi. Usipohesabu, baadaye utakuwa unabahatisha.

Bakuli la chini liligoma. Nililigonga kwa mpini wa bisibisi, kidogo kidogo, likaachia. Ndani palikuwa na utando wa rangi ya asali, na pembeni ukoko wa kijani kama wa sufuria ya shaba. Mafuta mepesi yalikwishapaa zamani, yakaacha uzito wake. Boya lilikuwa zima, lakini sindano yake ilinata hata nilipoipindua. Jeti kubwa, kipande chenye tundu la kupitisha mafuta, ilikuwa chafu, ila tundu linaonekana. Nikafungua jeti ndogo, ile ya sailensa. Ina tundu lisilofika nusu milimita. Nikaishika kwa ncha za vidole, nikaielekeza kwenye jua, nikafumba jicho moja. Giza tupu.

Nikampa mzee naye aangalie. "Hapa ndipo ilipokuwa inakabwa," nikamwambia. Sailensa na pale unapoanza kuongeza mafuta vinalishwa na kitundu hiki. Ukifika katikati jeti kubwa inaanza kusaidia, ndiyo maana ukiibembeleza ilikuwa inakwenda.

Watu huchukua uzi wa waya wa breki ya baiskeli wakasukumia humo. Jeti ni shaba laini. Chuma kinalikwangua tundu, linapanuka, na kuanzia siku hiyo mashine inakunywa mafuta kupita kiasi mpaka iachwe. Mimi natumia mshipi mwembamba kabisa wa kuvulia. Deep Sea haukosekani, na hauumizi shaba. Lakini kwanza dawa ya kabureta, na kusubiri saa nzima. Uvumilivu wa kazi hii uko hapo.

Wakati ikiloweka nilifungua chini. Oili ya gia haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo sili zinazuia maji. Impela nayo, ile inayosukuma maji ya kupoza mashine, mapezi yake ya mpira yalikuwa yamelala upande mmoja na yamekauka, hayarudi ukiyakunja. Nikamtuma bodaboda Ngamiani akalete impela na plagi mbili.

Huwa naangalia video za mafundi wa Ulaya na Marekani. Wao wanapandisha boti kwa sababu ya baridi. Wanachokiogopa zaidi ni maji kubaki ndani ya mashine, yakaganda, yakatanuka na kupasua chuma. Kuna dawa wanayotia kwenye mafuta yasiharibike upesi, na nyingine ya kuzuia maji yasigande. Sisi hatuna baridi ya kugandisha maji. Tuna chumvi inayobaki kwenye njia za maji, na stoo yenye joto na unyevu. Lakini kabureta zao wakizifungua msimu wa joto ukirudi, naona utando uleule wa rangi ya asali, na fundi anainua jeti kwenye mwanga vilevile ninavyofanya mimi. Napenda sana kuliona hilo.

Saa 5 na nusu mshipi ulipita. Nikakimbia kwa jirani yangu wa pancha kuomba hewa, nikapuliza njia zote, nikainua jeti juani tena. Nukta ya mwanga, ndogo kama ncha ya sindano, duara kamili. Nimefanya kazi hii miaka 14 na bado nukta ile inanifurahisha.

Saa 7 mchana

Swala, kisha ugali na kibua wa kukaanga kwa mama lishe. Aliponiuliza ile boti ya mzee itaanza lini, niligundua si umbea. Yeye ananunua samaki kwa mzee.

Saa 8

Pipa la lita 200 lililokatwa, maji baridi yasiyo na chumvi, mafuta mapya, plagi mpya. Usiwashe mashine kavu hata kwa kujaribu tu. Impela inalainishwa na maji yenyewe, na bila maji inaungua upesi sana. Vuta ya kwanza, kimya. Ya pili ikashika. Nikarudisha choki, ikabaki inanguruma, sailensa imetulia, na mashine inakojoa maji bila kukatika.

Mzee alisimama. Akatia mkono mfukoni anilipe, nikamzuia. Ndani ya pipa mashine haina mzigo. Niliwahi kumruhusu mtu aondoke baada ya pipa tu, akazimikiwa mbali, wakarudi kwa makasia usiku. Sitaki hilo tena.

Saa 9 na nusu alasiri

Ni siku za bamvu. Asubuhi maji yalikupwa mbali kabisa, sasa yanajaa, boti inaelea bila kusukumwa. Tulikuwa watatu: mzee, kijana wangu na mimi. Tukaelekeza kisiwa cha Toten, nikafungua mafuta yote. Pua ikainuka, boti ikakata maji vizuri sana. Mzee alikuwa anatabasamu upepo ukimpiga usoni.

Dakika tano. Kisha ikaanza kulegea, ikamisi mara mbili, ikazima.

Hakuna kimya kizito kama cha boti iliyozimika na mwenye boti anakutazama. Nilijisikia vibaya, lakini nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo hasa. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki: liko wazi. Nikashika kipampu cha mkono kwenye mpira wa mafuta. Kingekuwa kimenyonywa kikabapa, ningesema kuna kizuizi upande wa tanki. Hakikuwa bapa. Kilikuwa laini tu, kimelegea. Nikawasha, nikamwambia kijana aendelee kukibinya huku nikifungua mafuta yote. Mashine ikanguruma, haikuzima. Alipoacha, ikalegea.

Kwa hiyo mafuta yalikuwa hayafiki, na uwezekano mkubwa ni kwamba inavuta hewa mahali. Nilipitisha vidole kwenye mpira mzima, taratibu. Karibu na kipampu, upande wa mashine, palikuwa na alama ya kamba. Walipoufungia stoo waliukunja mara mbili wakaufunga kwa fundo, ukakaa hivyo miezi mitano. Nikaukunjua pale penye alama, kijana akabinya, na mpira ukatoa jasho la petroli. Nyufa nyembamba, kama za kisigino. Kwenye pipa mashine ilikuwa inataka mafuta kidogo, pampu ikamudu. Kwenye resi yote ilikuwa inanyonya hewa na petroli pamoja. Ningeubinya mpira huu kibandani ningeuona. Nimemwambia mzee hivyo, kosa langu.

Nikazima, nikakata kipande chenye nyufa kwa kisu, nikaingiza upya, nikakaza klempu. Mpira ukawa mfupi kidogo, lakini unafika. Nikafuta petroli iliyomwagika, tukangoja harufu iishe, tukawasha. Tulikwenda na kurudi mara mbili, dakika 20, mafuta yote wazi, hakuna aliyegusa kipampu. Safari ya mwisho mzee alishika mkono wa mashine mwenyewe.

Saa 12 jioni

Alinilipa elfu 40 za ufundi na fedha za vifaa, kisha akauliza kusi ijayo afanyeje. Mjukuu wake alikuwapo na kalamu ya wino mzito, akawa anaandika kwenye ubao wa boti, ndani, mimi nikisema. Iwashwe kwenye maji baridi mpaka chumvi itoke. Mpira wa mafuta uchomolewe, mashine iachwe iwake mpaka ijizimie yenyewe. Skrubu ya bakuli la kabureta ifunguliwe, kilichobaki kitoke. Oili kidogo kwenye matundu ya plagi, kamba ivutwe taratibu mara mbili tatu. Mashine isimamishwe wima. Mpira utundikwe, usikunjwe. Tanki liachwe tupu, na mafuta yake yatumike kabla.

"Hilo la mafuta andika kwa herufi kubwa," mzee akamwambia mjukuu.

Yale mafuta mabovu sikuyamwaga baharini. Nimeyafungia kwenye dumu, kando.

Saa 3 usiku

Nimeoga mara mbili na mikono bado inanuka petroli. Wakati naandika haya mzee amepiga simu. Moyo uliruka, nikadhani imezima tena. Kumbe wako pwani wanapakia barafu, wanatoka usiku huu, na anataka kujua kama nyumbani kwangu tunakula samaki changu.

Nimemwambia tunakula.